Usichomeke Kwanza: Mwongozo wa Treni Kuukuu kwa Mkazi wa Voi

Mji wa Voi una reli tatu. Ya kwanza ni ile ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Ya pili ni tawi la Taveta, lililojengwa mbiombio mwaka 1915 kwa ajili ya vita, na ambalo kwa miaka mingi mbuzi wamelifahamu kuliko abiria. Ya tatu ni SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, inayopita juu ya tuta lake huku ndovu wa Tsavo wakipenya chini. Reli hizi zimeona mvuke na zimeona dizeli. Stima kwenye chuma chake haijapita hata siku moja. Kwa hiyo ukibahatika kupata seti ya zamani ya treni ya kuchezea, ukaitandaza juu ya meza ya chakula pale Birikani au Sofia, wewe ndiye meneja wa reli ya umeme pekee katika kaunti nzima ya Taita Taveta, mpaka ajitokeze mtu wa Wundanyi kukupinga. Cheo hicho hakina mshahara. Kina lawama, kina moshi, na kina wageni wengi wa kutoa ushauri.

Boksi lenyewe hufika kwa njia mbili. Ama limetoka kwenye mitumba ya vitu vya watoto, katikati ya dubu wa manyoya na simu za plastiki, ama limeletwa na shangazi aliyestaafu Uingereza au Marekani na kuchoka kulipia stoo. Ndani mna injini iliyo nzito kuliko inavyoonekana, mabehewa kadhaa, vipande vya reli vyenye kutu, na sanduku jeusi la chuma lenye waya uliovikwa kitambaa. Hilo sanduku ni transfoma. Watoto watagombania injini. Wewe chukua transfoma, ipindue, usome kibao kilicho chini yake.

Najua hutasoma. Kila Mkenya aliyewahi kuchaji simu ana shahada ya soketi. Plagi ina miguu miwili, soketi yetu ina matundu matatu yenye vizuizi ndani. Basi unachukua kifuniko cha kalamu ya Bic, unakisukuma kwenye tundu la juu, vizuizi vya chini vinafunguka, unapenyeza miguu miwili, kazi imekwisha. Kama miguu ni bapa, pale stendi kuna adapta rahisi inayopokea miguu ya dunia nzima. Ubaya wa adapta ni kwamba inabadilisha umbo la miguu tu. Umeme unaopita ni uleule. Transfoma ya Lionel ya New York ilitengenezewa volti 110 hadi 120 za Marekani, na ukuta wa Voi una 240. Itanguruma, itatoa harufu ya lami, na kabla hujamaliza kuwaita watoto waje kuona, hakutakuwa na cha kuona. Usitegemee fyuzi iliyo kwenye adapta ikuokoe. Fyuzi ya ampea 13 iliwekwa kwa ajili ya birika na pasi. Kitu kidogo kinaweza kufa mbele yake bila yenyewe kushtuka.

Kwa treni ya Marekani, nunua transfoma ya kushusha 240 kuwa 110, kama zile ambazo watu huzinunulia blenda walizotumiwa na jamaa zao. Bei yake itauma. Hata hivyo transfoma kuukuu itapata joto zaidi kidogo kuliko ilivyozoea, kwa sababu ilizaliwa kwa umeme wa hezi 60 na wetu ni wa 50. Iguse kila baada ya muda. Ukishindwa kuishika kwa kiganja, ipumzishe.

Mwenye treni ya Uingereza atacheka hapa, kwa kuwa volti za kwao na zetu zinakaribiana. Asicheke sana. Mwaka 1925 Hornby walitoa treni yao ya kwanza ya umeme, iitwayo Metropolitan, na toleo lake moja lilichomekwa kwenye umeme wa nyumba kupitia balbu tu, kisha likaachwa kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa. Hata transfoma za baadaye zina waya ambao mpira wake umezeeka. Ukiukunja kidogo na unga mweusi ukakumwagikia mkononi, huo unga ndio uliokuwa kinga yako. Mwongozo huu unafanya mzaha mwingi lakini si hapa: transfoma ya namna hiyo haifunguliwi wala haibembelezwi. Iweke kabatini kama kumbukumbu, utafute nyingine mpya ya volti zinazotakiwa.

Na kama umepata transfoma mbili ukaona uziunganishe zote kwenye reli ileile ili treni ipate nguvu, jua hili. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukichomoa moja huku nyingine ikiendelea, umeme mdogo wa relini utaingia kinyumenyume kwenye ile uliyoichomoa, ukuzwe, na utokee kwenye miguu ya plagi iliyo mkononi mwako ukiwa na nguvu za ukutani. Watu waliolelewa na treni hizi huko Marekani wanalijua jambo hili. Wewe ulikuwa hulijui, na plagi ulikuwa tayari umeishika.

Ukoo wake

Ukishaokoka hapo, uliza treni ni ya ukoo gani. Hesabu reli. Zikiwa tatu, yaani mbili za kando na moja katikati, una Lionel, au Märklin ya Ujerumani, au Hornby Dublo ya kuanzia 1938. Zikiwa mbili, huenda ni Tri-ang, au Dublo ya kuanzia 1959, Hornby walipokubali hatimaye kwamba treni halisi hazina reli ya katikati. Usichanganye koo. Behewa la Dublo la reli tatu lina magurudumu ya chuma yaliyounganishwa na ekseli ya chuma, na kwake si kosa, kwa maana reli zake mbili za kando ni upande mmoja wa umeme. Liweke juu ya reli mbili na umepiga shoti kwa behewa zima. Utahangaika na waya mchana kutwa ilhali kosa ni behewa la maziwa lililosimama kwa adabu stesheni.

Kisha kuna AC na DC. Lionel na Märklin hutumia AC iliyopunguzwa; Dublo na Tri-ang hutumia DC ya volti 12, kama ya betri. Ukiipa injini ya Dublo umeme wa AC, haitasogea. Itatetemeka na kuvuma palepale, ndani yake mota ikijichoma taratibu, na kwa kuwa inatoa sauti utadhani inakaribia kwenda. Chomoa.

Kinyume chake ni kichekesho kikubwa zaidi. Voi ina jua la kutosha, na nyumba nyingi zina paneli na betri ya volti 12. Mwenye Lionel akichoka na transfoma huunganisha betri ya sola moja kwa moja. Injini itaenda vizuri tu, maana mota yake hukubali aina zote mbili. Lakini honi ya Lionel ilibuniwa iamshwe na DC inayoongezwa juu ya AC kila mtoto anapobonyeza kitufe. Reli ikiwa na DC tupu, honi hulia kuanzia treni inapoondoka hadi unapokata waya. Majirani watajua una treni.

Mwenye Dublo anaweza kutumia betri hiyo kwa raha, mradi aweke fyuzi ndogo ya ampea mbili kwenye waya. Transfoma nzuri hujikata yenyewe ikipigwa shoti. Betri ya sola haina huruma hiyo; itamwaga kila kilichomo mpaka waya uwe mwekundu na kitambaa cha meza kishike moto.

Washauri

Treni ikigoma, watakuja. Wa kwanza ni kijana wa kutengeneza simu, mwenye vidole vyepesi na bisibisi ya nyota, ambaye ataifungua mota kabla hujamkaribisha kiti. Mzuie. Mota za zamani zina sumaku ambayo hupoteza nguvu ukichomoa rota bila kuweka kipande cha chuma mahali pake. Atairudisha kila skrubu, injini itaenda nusu mwendo na kuchemka, na atakuambia kwa upole, "Mkubwa, hii ilikuwa imezeeka tu."

Wa pili ni jirani mwenye testa ya kalamu, ile inayowaka taa ukigusa waya wa moto. Ataigusisha kwenye reli, haitawaka, naye atatangaza kwamba hakuna stima. Testa hiyo ni ya volti za ukutani. Volti 12 haizioni kabisa.

Wa tatu ni mzee mstaafu wa reli, na huyu mpe chai. Amefanya kazi enzi za Garratt za daraja la 59, zile injini 34 zilizotoka Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, Mount Shengena, imepewa jina la kilele cha Upare, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na sasa iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Mzee atatazama duara lako la reli kwa muda mrefu. Atauliza stesheni ya kupishana iko wapi. Atauliza nani aliyeruhusu treni itoke bila tokeni, na hatamaanisha tokeni za stima. Kuhusu umeme hajui lolote, lakini ndiye pekee kati ya watatu atakayesema neno la maana: "Kijana, injini iache. Tembea reli."

Kutembea reli

Ndivyo gengi walivyofanya kila asubuhi, nyundo begani, wakiangalia kila kiungo. Ndivyo pia ilivyobidi kufanywa wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wameshika Taveta kuanzia Agosti 1914 na vikosi vyao vikivuka nyika kutega baruti kwenye reli ya Mombasa. Kosa huwa njiani zaidi kuliko ndani ya injini. Kwenye meza yako, mara nyingi litakuwa katika mojawapo ya viungo ambavyo kipande kimoja cha reli kinashikana na kingine.

Dalili yake ni hii: treni inakimbia karibu na transfoma, inachoka ikifika mbali, inafufuka ikirudi. Mwenye haraka husema mota imechoka. Mota haijui iko upande gani wa meza. Kila kiungo kilicholegea au kushika kutu kinakula sehemu ya volti, na upande wa mbali umeachiwa makombo.

Hapa ndipo wenye multimita huaibika. Wanapima upande wa mbali, mita inasoma volti 12 kamili, wanaapa kwamba reli ni nzima. Multimita haili umeme wowote wa maana, na kiungo kibovu kinaweza kupitisha kiasi hicho kidogo bila taabu. Injini ikifika pale na kudai ampea nzima, kiungo kinasalimu amri. Kwa hiyo usipime kwa mita peke yake. Nenda kwa fundi wa bodaboda, mwombe balbu kuukuu ya indiketa, ya volti 12 na wati 10. Ifunge nyaya mbili. Balbu hiyo inakula takriban ampea 0.8, sawa na njaa ya injini. Anza karibu na transfoma, gusisha nyaya kwenye reli, uone inavyong'aa. Ruka kiungo kimoja, gusisha tena. Kingine, tena. Mahali ambapo mwanga unafifia ghafla, umepita kosa sasa hivi. Liko nyuma yako hatua moja. Fanya hivyo jioni, taa zikiwa zimezimwa, na utaona tofauti ambazo mchana wa Voi ungekuficha.

Kiungo kikishajulikana, kichomoe, kisafishe, kibane kidogo kwa koleo, kirudishe. Kama duara ni kubwa, vuta nyaya nyingine mbili kutoka kwenye transfoma hadi upande wa mbali, ili umeme usilazimike kupita viungo vyote ndipo ufike huko. Angalia tu usizibadilishe, wa kushoto ukaenda kulia. Hiyo ni shoti uliyoigharamia mwenyewe.

Usafi nao una jiografia yake. Voi tatizo ni vumbi jekundu, ambalo huingia chini ya mlango, hukaa juu ya reli, na likichanganyika na mafuta ya injini huwa utando usiopitisha umeme. Wundanyi, kule juu kwenye ukungu, vumbi ni kidogo ila reli za bati hushika kutu zikiwa ndani ya boksi. Dawa ya vumbi ni kitambaa na spiriti ya duka la dawa; kutu nyepesi huondoka kwa raba ya mwanafunzi. Dawa ambazo utashauriwa na hupaswi kuzitumia ni tatu. Msasa huchora mikwaruzo, na uchafu hupenda kulala humo. Mafuta ya taa huacha utando, na mota za zamani hutoa cheche. Waya laini wa kusugulia sufuria ndio mbaya zaidi: vijinywele vyake vya chuma hubaki relini, sumaku ya mota huvifyonza kimoja kimoja, mpaka siku moja injini inajipiga shoti kutoka ndani na kijana wa simu anaitwa tena.

Shoti ya relini, transfoma inapojikata kila ukiiwasha, haitaki akili nyingi. Ondoa treni yote. Ikiwa bado, kata duara katikati ujaribu nusu moja. Nusu yenye kosa, ikate tena. Mwishoni utabaki na kipande kimoja na sindano ya nywele iliyolala kati ya reli.

Stima ikipepesa

Kuna kisa kimoja kinachowatia watu hofu bure. Lionel inazunguka vizuri, taa za nyumba zinapepesa mara moja, na treni inasimama. Stima ipo, reli ina umeme, injini imewaka taa, haiendi. Stima inapepesa tena, na sasa treni inaenda kinyumenyume. Atatokea mtu wa kutaja majini.

Ndani ya injini hiyo mna swichi ya sumaku inayobadilisha hali kila umeme unapokatika: mbele, kusimama, nyuma, kusimama, kisha mbele tena. Mmarekani aliyeibuni alikusudia mtoto akate umeme kwa mkono wake kwenye transfoma. Hakuwazia mahali ambapo kampuni ya umeme ingemsaidia mtoto kazi hiyo. Zima na uwashe mpaka ifike kwenye mbele, kisha endelea na shughuli zako. Kwenye injini nyingi kuna kijimkono cha kuifunga swichi hiyo isibadilike, na kwa Voi napendekeza kifungwe moja kwa moja. Märklin haina tabia hiyo, yenyewe hugeuka ikipigwa volti 24 za ghafla, jambo ambalo transfoma yake hufanya kwa kitufe. Kwa vyovyote, stima ikipotea kabisa, chomoa. Inaporudi hurudi kwa kishindo. Ile frijigadi uliyoinunulia friji inafaa pia kwa treni.

Tawi la Taveta

Ukishafaulu kuzungusha treni utataka kuongeza tawi. Kila mtu wa Voi atataka liwe la Taveta: litoke stesheni, lipite Mwatate, Bura na Maktau, na kwa kuwa meza imekwisha, lizunguke kitanzi na kurudi Voi kwa njia ileile. Reli yenyewe haikuwa na anasa ya kurudi. Waingereza walishindwa Salaita Februari 1916, mwezi uliofuata wakaichukua Taveta, kisha wakaisukuma njia hadi ikakutana na reli ya Wajerumani upande wa Moshi.

Kwa mwenye reli tatu, kitanzi ni halali kabisa. Kwa mwenye reli mbili ni mtego. Fuata reli ya kushoto kwa kidole kuanzia Voi: inaenda, inazunguka, na ikirudi Voi inakutana na reli ya kulia. Umeunganisha pande mbili za umeme kwa mkono wako, na transfoma itajikata hata kabla ya injini kuwekwa. Kila kiungo ni kizima, kila kipande ni safi, balbu ya bodaboda haina la kusema. Hapo kosa limo kwenye ramani. Kata reli zote mbili mahali pawili, mwanzo na mwisho wa kitanzi, kwa viungo vya plastiki, na umeme wa kitanzi upitie swichi yake ya kugeuza. Treni ikiwa imeingia yote ndani, Maktau ikiwa nyuma yake, geuza swichi ya njia kuu, ndipo itoke. Ukisahau itasimama mpakani, nusu ndani nusu nje, na mzee wa reli atakutazama.

Baada ya hayo yote, kama reli ni safi, viungo vimebana, kitanzi kimetenganishwa, na injini bado inakokota, sasa una ruhusa ya kushika bisibisi. Angalia brashi mbili za kaboni kama zimekwisha. Futa shaba ya rota kwa spiriti. Toa nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli. Tia tone moja la mafuta ya cherehani, tone kweli, lisifike kwenye shaba. Gurudumu la kabla ya Vita vya Pili likipasuka mkononi na kumeguka, usimlaumu mtoto. Zinki ya wakati ule ilichafuka kwa risasi kiwandani, na imekuwa ikijipasua yenyewe tangu hapo.

Ikishindikana kabisa, kuna soko. Mtu wa Wundanyi aliyetaka kukupinga atanunua, hasa akisikia kwamba ya kwako imewahi kutembea. Muuzie injini, mabehewa, reli na balbu ya bodaboda. Ile transfoma ya Marekani ikate waya kwanza.